Ni Wimbo au Ni Habari?

Nyololo,
3 Desemba 1978

Mwanangu Crispin,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nywele zako zile za kichaka ndege hawajazitagia mayai. Mimi huku napumua. Kifua kinabana asubuhi, lakini baridi ya Mufindi unaijua mwenyewe, maana ulipolala hapa Pasaka ulivaa soksi zangu.

Usishangae mwandiko. Ni mimi, Tekla, mama wa rafiki yako Ambrosi, naandika kwa mkono wangu. Nimemaliza kisomo cha watu wazima mwaka huu, na hii ni barua yangu ya kwanza bila mtu kunishikia kalamu. Mwalimu anasema barua iwe na aya. Nimeziweka, kama zimekaa vibaya zisogeze.

Ambrosi amepita hapa Alhamisi. Tulisikia magari ya vijana wa mgambo kutoka Mbeya yatapita kwenda vitani huko Kagera, nikasimama barabarani tangu umande haujakauka, nimeshika sweta nililomfumia na kapu la viazi vya kuchemsha. Mabasi yalipita kumi na moja na hayakusimama hata moja. Kwenye la nane nikasikia "Mama! Mama!" nikaona mkono dirishani, ukatupa karatasi. Nilikimbiza lile basi mpaka kwenye duka la Marta. Mwanamke wa umri wangu anakimbiza basi! Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Sweta likabaki mikononi.

Kwenye karatasi ameandika kwamba barua zake zitapitia kwako, kwa sababu sanduku la posta la karakana yenu ni la uhakika, na nikitaka kumuuliza neno nikuulize wewe. Basi wewe sasa ndiye mdomo wake. Sweta nimempa Jailos, yule dereva wa lori anayekunywa pombe yangu ya ulanzi, akuletee umpelekee.

Crispin, mama yako Mungu amempumzisha, na nilishakuambia kwangu ni kwenu. Kwa hiyo nakuomba kama mtoto wangu. Neno lolote litakalompata Ambrosi, liwe zuri, liwe baya, nataka nilisikie kwako. Nisije nikalisikia barabarani.

Mama yako,
Tekla


Mbeya,
20 Desemba 1978

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Aya zimekaa sawasawa, mwambie mwalimu wako aje anifundishe na mimi. Afya yangu ni njema. Nywele ziko palepale, ila mkuu wa karakana amesema nichague kati ya nywele na kazi, kwa hiyo sasa nazifungia ndani ya kofia.

Sweta nimelipata na nimelipeleka kambini. Walilipokea wakasema litakwenda na mizigo inayofuata.

Umewahi kuniuliza sisi tunapiga muziki gani ambao hauna hata tarumbeta. Mama, unaitwa roki. Sahani zake za santuri tunaletewa na mafundi wenzetu wa reli kutoka upande wa Zambia, huko vijana wana bendi nyingi. Ni magitaa ya umeme, sauti ya juu, na drams zinazokwenda kama mvua ya mawe juu ya bati. Spika yangu nimeichana kwa wembe makusudi ili gitaa likwaruze. Najua utasema tumerogwa. Afisa utamaduni wetu pia anasema hivyohivyo, kwamba ni makelele ya wageni, lakini Jumamosi ukumbi wa hapa mtaani Soweto unajaa.

Ambrosi ndiye alikuwa injini yetu kwenye drams. Sasa amekaa kijana mwingine, Ndalahwa, anajitahidi. Kuna sahani moja ya Wazungu wanaimba habari za vita vyao vya Vietnam, gitaa linapiga ukelele mpaka sindano inaruka. Tulikuwa tunaiiga sana, mimi na Ambrosi, tunajitupa chini kama tumepigwa risasi, watu wanashangilia. Siku ya kuondoka alinishika bega akasema, "Sasa naenda kuangalia kama wale jamaa walisema kweli. Nitakwambia."

Nakuahidi, Mama. Nikipata neno lake, siku hiyohiyo nitakaa niandike. Hutalisikia barabarani.

Mwanao,
Crispin


Nyololo,
14 Januari 1979

Mwanangu Crispin,

Kamwene. Huku mvua ni nyingi, mahindi yamenifika kiunoni, ulanzi umeanza kutoka kwa wingi na wanywaji ni walewale. Nimeanza kwa hayo ili ujue sijalala kitandani kwa wasiwasi.

Barua ya Ambrosi bado sijaiona. Ukimwandikia, nina maswali yangu, nakuomba uyaandike kama nilivyoyasema, usiyapambe.

Muulize analala chini ya paa au chini ya mti. Muulize nani anamkata nywele, maana hapendi kushikwa sikio. Muulize wanakula maharage? Maharage yasiyoiva vizuri humsumbua tumbo. Muulize viatu vya jeshi vimemtosha? Mguu wake wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia tangu alipozaliwa, mkunga ndiye aliyeniambia. Viatu vyote tulivyomnunulia tulikuwa tunapima cha kushoto. Jeshini sidhani kama kuna mtu anapima.

Baba yake mkubwa, mzee Liberatus, anasema namfanya Ambrosi mtoto. Ana miaka ishirini na tatu. Mimi sijui kumfanya kitu kingine.

Mwambie jogoo wake nimemchinja Krismasi, asije akamdai.

Mama yako,
Tekla


Mbeya,
25 Februari 1979

Mpendwa Mama,

Shikamoo sana. Leo nakuandikia kwa furaha. Barua ya Ambrosi imefika, ya tarehe 2 mwezi huu. Yuko mzima! Wamevuka mpaka, wako ndani ya Uganda. Nakunakilia aliyoyaandika, neno kwa neno:

"Mwambie Mama sweta nimelipata, nalala nalo, na silivui hata mchana. Maharage yanaiva, baadhi ya siku. Nywele ananikata Isakwisa, yule Mnyakyusa aliyekuwa anacheza mpira na timu ya karakana, tuko naye kikosi kimoja. Viatu mwambie vimenitosha. Wewe nakuambia ukweli, cha kushoto kinanila, nikipata nafasi nakaa nakivua. Usimwambie."

Samahani Mama, nimekuambia. Uliniambia nisipambe. Halafu kuna haya, nimefikiri sana kama niyaandike:

"Crispin, wale Wazungu wa kwenye sahani hawakusema kweli, au walisema nusu. Gitaa letu linadanganya. Sisi tulidhani vita ni makelele. Makelele yapo, lakini kombora likishaanguka karibu masikio yanakufa, unaona watu wanafungua midomo na husikii kitu. Kilio cha mtu unakiona kwa macho. Jana tumepita kwenye nyumba ya mtu, sufuria ya ndizi iko jikoni, ndizi zimemenywa nusu, kisu kiko juu yake. Mwenye kumenya hayupo. Nimeshindwa kuondoka pale. Hakuna tuliyempiga wala aliyetupiga, ni ndizi tu, nami nikalia. Tengeneza wimbo wa namna hiyo kama unaweza. Mimi nikirudi nitautafutia ngoma."

Mama, nimejaribu tangu nilipoisoma. Najaribu kupiga gitaa kwa nguvu zote halafu nalikata ghafla, pabaki kimya, na hapo kwenye kimya mtu aseme maneno ya kawaida kabisa, maneno ya nyumbani. Bado sijayapata maneno.

Tuombe Mungu. Wanasema vita havitachukua muda.

Mwanao,
Crispin


Nyololo,
18 Machi 1979

Mwanangu Crispin,

Kamwene. Sisi wazima. Wewe sijui.

Barua yako ya Februari nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Habari ya kiatu imeninyima raha. Habari ya zile ndizi nimemsomea mzee Liberatus, akaniomba nirudie.

Ni wiki tatu sasa. Kila lori linalotoka Mbeya naliangalia. Hata kama hakuna kitu, andika kwamba hakuna kitu.

Mama yako,
Tekla


Mbeya,
9 Aprili 1979

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi nyingi karakana. Kuhusu Ambrosi, hakuna barua mpya iliyofika. Posta ya jeshi huchelewa sana wakati wa mapigano. Nakuomba usiwe na wasiwasi. Wengi hawajapata barua.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao,
Crispin


Nyololo,
6 Mei 1979

Crispin,

Sina salamu leo.

Ijumaa mchana Jailos amesimamisha lori hapa kama kawaida yake. Amenunua redio ya kaseti, anaringa nayo, anaitundika mlangoni kwenye lori ili watu wote wanywe ulanzi kwa muziki wake. Akasema ana kaseti mpya, kuna mtu amerekodi ukumbini Soweto, bendi ya vijana wa reli. Nikajua ni nyinyi. Nikasema weka.

Mlipiga makelele yenu, kisha mkanyamaza, kisha nikasikia sauti yako, na maneno uliyoyasema ni haya:

"Muulizeni analala chini ya paa au chini ya mti.
Muulizeni nani anamkata nywele.
Muulizeni viatu vimemtosha,
mguu wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia."

Nilijua wewe ndiye. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye maneno hayo. Niliyaandika mimi, usiku kucha nikitafuta herufi, nikakutumia wewe umpe mwanangu. Sikukutumia uwape watu wa Soweto.

Makelele yakarudi. Mkanyamaza tena. Ukasema:

"Usiulize tena, Mama Tekla wa Nyololo.
Ambrosi amekaa kando ya njia ya Masaka,
kiatu cha kushoto mkononi,
wenzake wametangulia."

Jailos hakuelewa. Alikuwa anachezesha kichwa. Mimi nilikaa chini pale kwenye matope na Marta akaja akanishika.

Nimekwenda kwa mzee Liberatus. Amekasirika sana, lakini si kama unavyofikiri. Amesema msiba kwetu hauletwi na lori. Msiba huja na mtu kwa miguu yake, anakwenda kwanza kwa mkubwa wa ukoo, anakaa, anasema jina, anasema mahali, anasema aliona mwenyewe au aliambiwa na nani. Ndipo mama anaitwa. Amesema hawezi kukusanya ukoo walie kwa sababu ya nyimbo za kwenye kaseti, pengine mtoto yupo hai na sisi tunamlilia, huko ni kuyaita mauti. Karatasi ya jeshi hakuna. Mtu aliyekuja hakuna.

Kwa hiyo mimi siruhusiwi kulia. Nimefunga kanga kama kila siku, nauza ulanzi kama kila siku. Wanawake wananiangalia, hawajui waniambie pole au wasiniambie. Sijui kama mimi ni mama wa mtu aliye hai.

Nijibu neno moja. Ulichoimba ni wimbo au ni habari?

Mama Ambrosi


Mbeya,
13 Mei 1979

Mama,

Shikamoo. Kama hutaki kuipokea shikamoo yangu ni haki yako.

Ni habari.

Nilijua tangu tarehe 2 Aprili. Isakwisa alirudishwa kwao akiwa na majeraha, akaja hapa karakana kwa magongo, mguu wake mmoja hautakunja tena. Akaniambia nikae. Sikukaa, nikasema sema tu.

Ilikuwa tarehe 26 Februari, nje ya Masaka. Mji ulikuwa umeshachukuliwa, walikuwa wanatembea tu. Wakapewa mapumziko mafupi. Ambrosi akakaa ukingoni mwa barabara akaanza kuvua kiatu cha kushoto. Filimbi ikapigwa waondoke, akamwambia Isakwisa, "Tangulia, nakuja, huyu mbwa ananing'ata." Isakwisa alikuwa ametembea hatua kama hamsini. Kombora likaanguka, moja ya yale yaliyokuwa yanakuja mojamoja, halikuwa na shabaha. Ndilo lililompata na Isakwisa mguuni. Wenzao waliporudi walimkuta Ambrosi amekaa vilevile, ameegemea tuta, sweta mwilini, kiatu mkononi. Alikuwa hana jeraha kubwa la kuonekana. Wamemzika palepale na Isakwisa aliona kwa macho yake kabla hajachukuliwa.

Barua yake ya tarehe 2 nilikunakilia tarehe 25. Siku iliyofuata ndiyo aliyokufa. Nilikuwa nimefurahi sana, Mama.

Ulitaka nikwambie siku hiyohiyo, nami nilikuahidi. Nilijua habari ya namna hiyo haiandikwi. Nilijua inatakiwa niende kwa mzee Liberatus kwa miguu yangu. Niliomba ruhusa kazini tarehe 5, nikapanda treni, nikashuka Makambako. Kutoka pale hadi kwako ni safari fupi tu. Nikakaa stesheni muda wa saa nne nikiangalia malori yanayokwenda upande wako, kisha nikapanda treni nikarudi. Tarehe 9 nikakuandikia uongo ule. Sina cha kujitetea nacho. Niliogopa uso wako. Nilifikiri, nikifika pale nikafungua mdomo, nitakuwa nimempoteza mama wa pili.

Lakini kitu chenyewe hakikukaa ndani. Nilishika gitaa kikatoka. Kuimba niliweza, kusema sikuweza. Maneno yako yalikuwa mezani, ndiyo maneno niliyokuwa nayatafuta tangu Februari, nikayachukua bila kukuuliza. Jina lako nililitia nikidhani nakuheshimu, maana hata kwenu mtu akililiwa hutajwa pamoja na jina la mama yake. Sikufikiria kwamba kaseti zinasafiri. Mimi fundi umeme, sikufikiria.

Mimi na Isakwisa tutafika Jumamosi tarehe 26. Tutashuka kwenye lori kabla ya Nyololo, tutatembea, polepole kwa sababu ya magongo yake. Tutakwenda kwa mzee Liberatus kwanza. Isakwisa atasema jina na mahali. Mimi nitasema makosa yangu. Wimbo hatutaupiga tena.

Crispin


Mbeya,
8 Septemba 1979

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Tangu tulipoagana baada ya matanga sijakuandikia, kwa sababu nilitaka wewe ndiye uanze, kisha nikaona kwamba kusubiri huko nako ni woga wangu uleule. Habari ya kifua? Isakwisa anakusalimu, anasema hajawahi kuona mwanamke anamkatia ugali mtu aliyemletea msiba. Karatasi ya jeshi uliyoisema kwa Jailos nimeisikia, kwamba ilifika Julai. Nimeona aibu kwamba ilichelewa kidogo tu kuliko mimi.

Siku zile tatu kwenu hukuniambia neno lolote juu ya wimbo, wala mtu mwingine hakuutaja. Sasa nalazimika kuutaja mimi.

Askari wanarudi. Mkoa unaandaa mapokezi makubwa, maua, ngoma, hotuba. Afisa utamaduni aliyekuwa anatufukuza sasa ametuita. Ameusikia ule wimbo, anausifu, anasema mdundo wake unaamsha watu. Anataka tuupige siku ya mapokezi, ila tuondoe kifo na kiatu, tutie ushindi. Nimekataa. Amesema basi bendi isahau siku hiyo. Nimekubali kusahau.

Lakini askari wenyewe wamekuja, Mama. Saba, wamekuja ukumbini kwa miguu yao, mmoja ametoka mbali, Ubaruku. Waliusikia kwenye kaseti ya mtu wakiwa kambini. Hawataki wa ushindi. Wanautaka ule, kama ulivyo. Yule wa Ubaruku, Nkuba, alisema watu wote wanamuuliza ameua wangapi, na hakuna anayemuuliza viatu vilimtosha.

Niliwaambia wimbo si wangu. Una mwenyewe na yuko Nyololo.

Nikwambie yote safari hii, nisifiche. Tulipoupiga mwezi wa Aprili vijana waliucheza sana, mpaka vumbi likaziba taa. Ndalahwa kwenye drams anafuata mapigo ya Ambrosi, yale aliyoyaacha kabla hajaondoka, hakubadili hata moja. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo, ili awe yupo na sisi pale jukwaani. Nilidhani ni vizuri. Sasa sijui.

Nakuomba ruhusa ya kuuimba. Ukisema hapana nitawaambia wale saba hapana, na hatutaupiga tena popote.

Mwanao, kama bado,
Crispin


Nyololo,
30 Septemba 1979

Mwanangu Crispin,

Kamwene. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia kwa sababu ya jua, naandaa shamba, mzee Liberatus anakusalimu na anasema mwenye magongo aje tena bila msiba. Usiandike "kama bado." Mtoto hafukuzwi kwa barua.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Kuomba ruhusa ni vizuri, ungeomba Aprili ingekuwa vizuri zaidi. Hilo nimekwisha kulisema na silirudii.

Kuna jambo nilikuficha. Umeniambia yako yote, nami nikwambie langu. Sikulisema mlipokuja, sikulisema kwa padri.

Ile Ijumaa ya Jailos nilikuandikia kuanzia pale nilipoyasikia maneno yangu. Yaliyotangulia sikuyaandika. Siku ile nilikuwa na furaha. Kampala ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, watu wote walikuwa wanasema vijana sasa watarudi, na mimi nilikuwa nimeshapanga nani atanipa mbuzi. Kulikuwa na wateja wanne. Jailos akaweka kaseti, ngoma ikaingia, nami nikaweka kopo chini nikacheza.

Nilicheza, Crispin. Mimi Tekla, mjane, mbele ya wanaume, barabarani. Nilitikisa mabega, nikapiga kigelegele, nikasema vijana wangu hawa wanajua. Marta alitoka dukani akanipigia makofi. Nilicheza wakati wa makelele na nikacheza mlipokata. Hata uliposema mguu wa kushoto mwili haukusimama palepale, ulimalizia kwanza. Nimecheza msiba wa mwanangu, akiwa ardhini miezi miwili, na watu waliniona.

Wanasema huna kosa, hukujua. Wewe pia utasema hivyo. Najua sikujua. Lakini mabega yangu nayachukia mpaka leo, na lori likisimama naingia ndani.

Unasema mapigo yale ni ya Ambrosi. Hukuwa na haja ya kuniambia. Alikuwa anayapiga kwenye debe langu la maji tangu yuko darasa la tatu, nikimfokea. Mwili wangu uliyajua kabla kichwa hakijayajua, ndiyo maana uliitika. Na wale vijana wa Soweto nao wanaitika, hawana kosa, ngoma yake ilikuwa tamu. Lakini wakishacheza wanakwenda nyumbani na jasho lao, wanasema leo tumefurahi. Afisa wenu anasema inaamsha watu. Huyo ameusikia wimbo wote na hakusikia kitu.

Basi sikia. Waimbieni hao askari, na wengine wote. Maneno yangu yaache yabaki, jina langu libaki, kiatu kibaki. Gitaa lako lipige kelele linavyotaka, hata kama linadanganya. Ngoma ondoeni. Huyo Ndalahwa akae kwenye kiti, vijiti mkononi, watu wamwone, asipige hata mara moja mpaka mmalize.

Watu wakilalamika kwamba hawawezi kuucheza, waambieni mama yake ndiye aliyekataza.

Mama yako,
Tekla